Kadi ya FireWire kwenye Linux: nilivyohamisha mikanda ya harusi ya shangazi

Mikanda ya video ya MiniDV inazeeka hata ikiwa imefungwa kabatini, na inazeeka pamoja na kamera pekee inayoweza kuisoma. Hapa Tanga, ambako upepo wa bahari hupenya na chumvi yake mpaka ndani ya droo, uzee huo huja haraka zaidi. Ndiyo maana niliamua kuihamishia kompyuta mikanda yote aliyoniachia shangazi yangu, na katika kuifanya kazi hiyo nikalazimika kujifunza jambo ambalo sikuwa nimelipangia, yaani namna ya kuchomeka kadi ya nyongeza kwenye kompyuta mpakato ya zamani na kuifanya itambuliwe na Linux. Ninayaandika haya kwa ajili ya mwenye kabati kama langu, ili fedha na usingizi nilivyopoteza mimi yeye avitumie kwa mambo mengine.

Shangazi alirekodi harusi kwa MiniDV kuanzia mwaka 2003 mpaka simu za mkononi zilipomnyang'anya wateja, na siku zote alishika upande mmoja tu, upande wa wanawake. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Bibi harusi amepambwa, wageni wamevua mabuibui, taarabu inapigwa, na kina mama wanacheza na kutunza wakijua kwamba hakuna mwanamume anayewatazama. Mkanda uliorekodiwa mle ndani ni amana. Nisingeweza kuituma mikanda hiyo Dar es Salaam kwa studio ya watu nisiowajua, wala kumkabidhi fundi wa kiume wa hapa mjini, hata awe mwadilifu kiasi gani. Ilibidi kazi ifanyike nyumbani, Makorora, kwa mikono yangu, kwenye kompyuta ambayo haipeleki nakala ya chochote mahali nisipopajua. Kwa sababu hiyo niliweka Debian 12, mojawapo ya aina za Linux, na tangu hatua ya usakinishaji nikachagua diski nzima ifungwe kwa nywila, jambo ambalo ningemshauri kila anayeshika picha za watu alifanye kabla ya jingine lolote.

Kamera yenyewe ina mlango wa USB, na wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Katika kamera nyingi za MiniDV mlango huo hutoa picha za mnato zilizo kwenye kadi ya kumbukumbu, au video hafifu ya kuzungumzia kwenye mtandao. Video halisi iliyo kwenye mkanda hutoka kwa njia ya FireWire, ambayo kwa jina la kitaalamu ni IEEE 1394 na ambayo Sony huiita i.LINK, ni kile kitundu kidogo cha pini 4 kilichoandikwa DV pembeni mwa kamera. Kupitia hapo kompyuta hupokea data zilezile zilizoandikwa kwenye mkanda, biti kwa biti, pamoja na tarehe na saa ya kurekodiwa. Zipo pia njia za kupitishia waya za rangi nyekundu, nyeupe na manjano, lakini hizo huigeuza picha kuwa analojia kisha kuirudisha kuwa dijitali, na kila mgeuzo hupunguza kitu. Kwa mkanda wa mfumo wa PAL tunaotumia huku, picha ina ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na data zake ni megabaiti 3.6 kwa kila sekunde, ambazo kwa saa moja hufikia gigabaiti 13 hivi. Hesabu hiyo ya gigabaiti 13 iandike ukutani, kwa sababu ndiyo itakayoamua ununue diski ya ukubwa gani.

Fedha ya kwanza ilikwenda kwenye waya. Dukani nilionyeshwa waya wenye plagi ya USB upande mmoja na plagi ya FireWire ya pini 4 upande wa pili, nikaambiwa kwamba ndio wenyewe. Nililipa Sh 15,000 na haukufanya kazi, wala hauwezi kufanya kazi kwa yeyote, kwa sababu FireWire na USB ni lugha mbili tofauti na ndani ya waya ule hakuna chipu yoyote ya kutafsiri. Ni nyaya tupu zilizounganishwa kwa plagi mbili zisizoelewana. Muuzaji naye aliuziwa hivyohivyo, kwa hiyo sikuwa na la kumlaumu. Ukionyeshwa waya wa namna hiyo, uache hapohapo kaunta.

Kinachohitajika ni kidhibiti halisi cha FireWire, na kompyuta mpakato isiyozaliwa nacho hukipata kwa njia ya kadi ya nyongeza. Hapa ndipo panapotakiwa subira, kwa sababu matundu ya kadi yaliyo ubavuni mwa kompyuta hizi ni ya vizazi viwili vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa kila kitu kingine. Kizazi cha kwanza ni kile watu wanachokiita PCMCIA, ambacho kina kadi za biti 16 na baadaye, kuanzia mwaka 1995, kadi za CardBus za biti 32. Zote zina upana wa milimita 54 na urefu wa milimita 85.6, na CardBus hutambulika kwa ukanda wa shaba wenye vinundu juu ya kiungio chake. Kizazi cha pili ni ExpressCard, kilichotangazwa mwaka 2003, chenye kadi fupi zaidi za milimita 75 na za mapana mawili: milimita 34 zilizonyooka, na milimita 54 zenye umbo la herufi L kwa kuwa upande wa kiungio ni mwembamba. Kadi ya kizazi kimoja haiingii kwenye kizazi kingine. Ninawaambia watu wachukue rula kabla ya kuchukua pochi.

Fundi aliyeniuzia kompyuta alikuwa kijana wa Barabara ya Nane, na nilimweleza mpaka wangu tangu siku ya kwanza.

"Kaka, wewe nisaidie mpaka kamera ionekane kwenye kompyuta. Picha nitazitazama mwenyewe."

"Hamna tabu dada," akanijibu. "Basi tafuta mkanda mtupu wa kujaribia, hiyo ya wateja iache kwako."

Ushauri huo ulikuwa bora kuliko alivyokusudia. Mkanda wa kujaribia hukulinda dhidi ya aibu, na hukulinda pia dhidi ya kamera iliyokaa miaka bila kutumika, ambayo inaweza kuumeza mkanda wa kwanza unaoutia na kuukunjakunja. Nilirekodi mawimbi ya Raskazone kwa muda mfupi, na mkanda ule ndio ulioteseka katika majaribio yote.

Kompyuta ilikuwa ThinkPad X220 ya mwaka 2011, iliyokwisha kutumika ofisini, kwa Sh 320,000. Tundu lake ni la ExpressCard ya milimita 54, ambalo hupokea pia kadi za milimita 34. Kadi ya FireWire nayo haikupatikana Tanga. Iliagizwa kutoka nje na kufika kwangu kwa jumla ya Sh 85,000 pamoja na usafiri. Ni kadi ya milimita 34 yenye chipu ya VIA VT6315, pamoja na kitundu kidogo cha kuchomekea umeme wa nje. Kitundu hicho kisikutishe. Tundu la ExpressCard hutoa volti 3.3 na 1.5 tu, kwa hiyo vifaa vinavyotegemea kulishwa umeme kupitia waya wa FireWire vinahitaji msaada wa nje, lakini kamera ina chaji yake na plagi yake ya pini 4 haina hata pini za umeme. Wenye vifaa vya plagi ya pini 6 ndio wajihadhari, kwa sababu plagi hiyo ikilazimishwa kuingia kinyume huweza kuunguza kadi na kifaa kwa pamoja.

Nilichomeka kadi. Hakuna kilichotokea.

Kuanzia hapo niliingia kwenye maelezo ya watu wengine, na karibu yote yalikuwa ya zamani bila kusema kwamba ni ya zamani. Mengine yalinielekeza kuweka kifurushi cha pcmciautils, kupakia moduli (kipande cha programu cha kuendeshea kifaa) ya yenta_socket na kutoa amri ya `pccardctl ident`. Nilifanya yote, na amri ikakaa kimya, jambo ambalo nililichukua kuwa dalili ya tundu bovu. Sasa najua kwamba ukimya ule ulikuwa sahihi kabisa. Zana hizo ni za PCMCIA na CardBus peke yake. ExpressCard haina cha kufanya nazo, kwa sababu ndani ya tundu lake mna njia moja ya PCI Express, ile inayounganisha kadi za ndani ya kompyuta, na njia moja ya USB 2.0, na Linux huiona kadi kana kwamba imechomelewa ndani ya kompyuta tangu kiwandani. Kadi inayotumia njia ya PCI Express utaiona kwa `lspci`, na inayotumia njia ya USB, kama zilivyo modemu nyingi za 3G za wakati ule, utaiona kwa `lsusb`. Hakuna zana ya tatu.

Maelezo mengine yalinitaka nipakie moduli ya raw1394 na nibadilishe ruhusa za faili la /dev/raw1394. Faili hilo halipo tena. Mfumo wa zamani wa FireWire uliondolewa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.37, mwanzoni mwa mwaka 2011, na nafasi yake ikachukuliwa na moduli za firewire_core na firewire_ohci, ambazo hutengeneza mafaili yenye majina ya fw0, fw1 na kuendelea. Kwa hiyo ukikuta maelezo yanayotaja raw1394, ohci1394 au dv1394, yafunge. Aliyeyaandika alikuwa mkweli kwa zama zake.

Kilichonitoa kwenye tope ni kuacha kuhangaika na programu na kuanza kuiuliza kompyuta maswali kutoka chini kwenda juu. Kadi ya nyongeza hupita vituo kadhaa kabla ya picha kuonekana, na Linux huweka shahidi kwenye kila kituo. Asiyeanza na shahidi wa chini atabadilisha mipangilio ya juu mpaka alfajiri bila kujua anatibu nini.

Shahidi wa chini kabisa ni tundu lenyewe. Amri ya `sudo lspci -vv` hutoa maelezo marefu ya kila kifaa, na ndani yake mna madaraja ya PCI Express, kila moja likiwa na mstari unaoanza na SltCap na mwingine unaoanza na SltSta. Wa kwanza husema kama tundu linakubali kadi kuchomekwa kompyuta ikiwa imewashwa, kwa alama ya HotPlug+. Wa pili una neno PresDet, ambalo likiwa na alama ya kujumlisha maana yake umeme wa tundu umehisi kadi imo ndani, na likiwa na alama ya kutoa maana yake haujahisi chochote. Kwangu hapakuwa na daraja lolote lenye HotPlug+. Tundu zima halikuwapo machoni pa Linux, na kitu kisichokuwapo hakitibiwi kwa moduli.

Jibu lilikuwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Linux haijawaka. Kompyuta za ofisini mara nyingi hufungwa milango na wasimamizi wake ili wafanyakazi wasitoe data, na ThinkPad za aina hiyo zina ukurasa wa Security wenye sehemu ya I/O Port Access, ambako kila mlango una mstari wake: kamera, maikrofoni, USB, na ExpressCard Slot. Mstari huo wa mwisho ulikuwa umeandikwa Disabled. Niliubadilisha kuwa Enabled, nikahifadhi, nikawasha upya, na daraja likajitokeza. Bahati yangu ni kwamba ofisi ile haikuwa imeacha nywila ya msimamizi. Ingekuwapo, kompyuta ingebaki kifungoni. Anayenunua kompyuta iliyotumika kwa ajili ya tundu lake aombe kuingia BIOS akiwa bado dukani, na muuzaji akikataa au akikwama, bei na ishuke.

Kadi ilikuwa tayari imo ndani wakati wa kuwasha, hivyo ilionekana mara moja kwa `lspci -nn` kama VT6315 yenye namba 1106:3403. Baadaye niliizoea tabia ya tundu langu: kadi ikichomekwa kompyuta ikiwa imeshawaka, kuna nyakati haionekani mpaka umwombe keneli akague upya kwa amri ya `echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan`. Kabla ya kuichomoa pia ni adabu kuiaga, kwa kuandika 1 kwenye faili la remove lililo chini ya /sys/bus/pci/devices na namba ya kadi, ambayo kwangu ilikuwa 0000:05:00.0. Nimeona keneli ikiganda kwa kadi iliyochomolewa katikati ya kazi.

Shahidi wa pili ni draiva, yaani moduli inayoiendesha kadi. `lspci -k` huonyesha jina la draiva inayoishika kadi, na jibu unalolitaka ni firewire_ohci. Ukitazama `sudo dmesg`, yaani kumbukumbu za keneli, utakuta pia mstari unaosema kwamba kifaa cha OHCI kimeongezwa kuwa card 0, na mwingine kwamba fw0 imetengenezwa, pamoja na alama ya S400, yaani kasi ya megabiti 400 kwa sekunde. Niliruka kwa furaha nilipoiona fw0, kabla sijaelewa kwamba fw0 ni kadi yenyewe. Kamera huja kuwa fw1.

Na fw1 ilikataa kuja. Niliiwasha kamera, nikaiweka kwenye hali ya kucheza mkanda, maana ikiwa kwenye hali ya kurekodi hutoa kile ambacho lenzi inaona wakati huo, na `dmesg` ikarudia ujumbe uleule: keneli imekata tamaa na kifaa cha ffc0 kwa kushindwa kusoma config rom yake, yaani maelezo ambayo kifaa hujitambulisha nayo. Maana yake ni kwamba umeme wa upande wa pili unahisika, ila hakuna mazungumzo. Mtandaoni wengi walishauri kuongeza chaguo la `quirks=0x10` kwenye moduli ya firewire_ohci, ili kadi isitumie njia ya MSI ya kuiita CPU. Ni ushauri wenye msingi kwa baadhi ya chipu, lakini una mtego usiotajwa: namba unayoiandika hufuta marekebisho yote ambayo keneli ingeyafanya yenyewe kwa chipu hiyo. Chipu nyingi za VIA hupewa pia rekebisho la saa ya mzunguko ambalo namba yake ni 0x1, kwa hiyo kwa kadi yangu niliona salama zaidi kuandika 0x11. Niliiandika kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, nikawasha upya, na ujumbe haukubadilika hata herufi. Nikalifuta faili hilo.

Tatizo lilikuwa kutu. Fundi alikitazama kitundu cha DV cha kamera kwa kioo cha kukuza, akanipa nami nitazame: kati ya vile vijipini vinne vilivyo vyembamba kama sindano, kimoja kilikuwa na ukoko wa kijani, ile kijani ambayo kila mkazi wa pwani anaijua kwenye vichwa vya betri. Alikisafisha kwa spiriti safi ya kusafishia saketi na mswaki laini uliokatwa nyuzi, bila kukandamiza, kwa sababu kitundu cha pini 4 hung'oka kirahisi na kamera ikishang'oka kitundu hicho haina faida tena. Tulibadilisha na waya, maana wa zamani nao ulikuwa na weusi kwenye ncha. Safari hii fw1 ikajitokeza bila kubembelezwa. Tangu siku hiyo kamera na kadi hulala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na nyakati za masika hubadilisha vifuko hivyo mara kwa mara.

Kituo cha mwisho ni ruhusa. Debian huikabidhi kamera ya DV kwa kundi la video, kwa hiyo mtumiaji lazima awe mwanachama: `sudo usermod -aG video` likifuatwa na jina lako, kisha utoke kabisa na kuingia upya, kwa kuwa uanachama mpya hautambuliki kwenye kikao kilichokwisha kufunguliwa. Wapo wanaokwepa hatua hii kwa kuendesha kila kitu kwa sudo. Mafaili yao hubaki mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, na kesho yake wanashangaa kwa nini hawawezi kuyafuta.

Fundi alikunywa chai yake, akachukua Sh 30,000, akaondoka. Nilifunga mlango nikatia mkanda wa kwanza.

Programu ninayoitumia ni dvgrab, ambayo haina madirisha wala vitufe. Ni mstari mmoja kwenye terminali: `dvgrab -a -t -f raw -s 0 harusi-`. Herufi ya a huikata video kila mahali ambapo shangazi alisimamisha na kuanza tena kurekodi, t hulipa kila faili jina lenye tarehe na saa iliyo kwenye mkanda, f raw huhifadhi data kama zilivyo, na s 0 huondoa kikomo cha ukubwa ambacho vinginevyo hukata faili kila baada ya gigabaiti moja hivi. Programu huiamuru kamera yenyewe ianze kucheza, na mara ya kwanza niliposikia mota ya mkanda ikizunguka bila kidole changu kugusa kitu, nilicheka peke yangu chumbani.

Mambo matatu yaliniharibia mikanda ya mwanzo, na yote hayakuhusu Linux. Diski ya nje ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, hivyo tukio lolote lililorekodiwa mfululizo lilikatika kabla ya kufika dakika ya 20. Niliiumbiza upya kwa ext4, mfumo wa Linux usio na kikomo hicho. La pili ni kadi ya milimita 34 kwenye tundu la milimita 54, ambayo huachwa na nafasi pembeni na hucheza kama jino bovu, kiasi kwamba waya ukivutwa kidogo mawasiliano hukatika. Nilikata kipande cha kadibodi kikajaza nafasi ile, kisha nikaufunga waya kwenye mguu wa meza ili uzito wake usiivute kadi. La tatu ni umeme. Unapokatika, kompyuta huendelea na betri yake, lakini betri ya kamera ilikwisha kufa siku nyingi na kamera huishi kwa chaji ya ukutani, kwa hiyo huzimika papo hapo na mkanda ukiwa umezungushwa kwenye kichwa cha kusomea. Nilinunua UPS ndogo, yaani kifaa cha akiba ya umeme, kwa Sh 150,000, na ndiyo fedha ambayo sijaijutia hata kidogo. Kama ungeniambia nianze upya na bajeti finyu, ningenunua UPS kabla ya diski kubwa.

Kichwa cha kusomea nacho husomeka. Picha ikianza kuonyesha vipande vya mraba vilivyokwama, na dvgrab ikaanza kuripoti fremu zilizoharibika, simamisha. Mara nyingi ni uchafu, na mkanda maalumu wa kusafishia ukipitishwa kwa sekunde chache kama maelekezo yake yanavyosema huondoa tatizo. Mkanda wenye ukungu mweupe unaoonekana kwa macho usiutie kabisa kwenye kamera nzima, kwa kuwa utaacha ukungu huo kwenye kichwa na kila mkanda utakaofuata utakula hasara.

Mteja wa kwanza kuitwa alikuwa mama mmoja wa Chumbageni ambaye harusi ya binti yake ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa nimejiwekea sharti la kutomwonyesha mtu yeyote mkanda usio wake, na la kumwuliza mwenyewe kabla sijatunza nakala.

"Shikamoo mama. Nimepata mkanda wa kina Mwanaidi, wa kupambwa. Nikutengenezee, au niuharibu?"

"Marahaba mwanangu. Uuharibu tena? Mle yumo dada yangu anacheza."

Nilimtengenezea nakala ya MP4 kwa programu ya ffmpeg, nikitumia kichujio cha yadif kuondoa ile mistari ya kulala inayoonekana mtu anaposogea haraka, na lile faili la awali la .dv nikamtia kwenye diski yake mwenyewe pamoja na mkanda. Tulipoifungua, jina la faili lilibeba tarehe na saa ya jioni ile, na yeye akaanza kuhesabu nani alikuwa amefika na nani alikuwa bado yuko njiani kutoka Pangani. Mikanda mingine haina bahati hiyo. Kamera iliyokufa betri yake ndogo ya saa huweza kuiandikia harusi tarehe isiyo yake, na hapo inabidi kuuliza wenyewe.

Jumla ya gharama, ukiondoa waya ule usiofaa, ilikuwa kompyuta, kadi, UPS, waya mpya na ujira wa fundi, karibu Sh 600,000, na diski juu yake. Ni fedha nyingi kwa kazi isiyo ya biashara. Ninawatoza wateja wa zamani wa shangazi bei ya diski tu, lakini anayetaka kuifanya biashara anaweza kwa kuwa studio zenye vifaa hivi zinapungua. Tena asichelewe. Apple, waliolieneza jina la FireWire, waliuondoa uwezo huo kwenye macOS 26 ya mwaka 2025, na kwa upande wa Linux mtunzaji wa sehemu hiyo ya keneli ametangaza kuihudumia mpaka mwaka 2029. Debian iliyokwisha kuwekwa haitazimika tarehe hiyo, na kwa sababu kompyuta yangu ya mikanda haiunganishwi na mtandao, ninakusudia kuiacha na toleo ililonalo bila kuisasisha.

Kwenye kabati limebaki sanduku moja la mikanda ya Hi8, aina ya zamani ya analojia, ya kabla ya mwaka 2003, ambayo kamera ya MiniDV haiipokei. Baadhi ya kamera za Digital8 za Sony huweza kuicheza mikanda hiyo na kuitoa ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa DV kupitia i.LINK, hivyo kadi, waya na amri vitakuwa vilevile. Kabla ya kununua kamera ya namna hiyo iliyotumika, hakikisha kwamba modeli yenyewe inasoma Hi8, kwa kuwa zipo Digital8 zisizosoma, na uombe ichomekwe kwenye kompyuta yako hapohapo mpaka uione fw1.